Fesha Nyeupe za Nyumba ya Thuo

Kitale,
11 Februari 2024

Kwa binti yangu Wahu,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Mimi na kaka yako Kimotho hatujambo, ila goti langu la kushoto limeanza tena kudai haki yake. Wewe na Khisa mko aje? Nakuandikia kwa sababu tukiongea kwa simu wewe unapiga kelele, mimi sisikii, na majirani ndio wanafaidi. Barua hii namwachia yule dereva anayepeleka vitunguu Bungoma kila wiki.

Shida ni zile mbao za ukingo wa paa, zile mume wako anaziita fesha, zinazofunika ncha za miti ya paa, yaani kenchi, na kushika gata inayopeleka maji ya mvua kwenye tangi. Marehemu baba yako alizipaka rangi kila Desemba, na tangu atuache hakuna aliyezigusa. Zimepinda, gata imelegea, maji yanapita kando ya tangi na kuchimba shimo mlangoni. Na goti hili haliwezi tena kuteremka kisimani.

Halafu kuna habari njema. Watu wa Joy wanakuja kuona boma baada ya Pasaka. Kaka yako hatimaye amepata watu wa kumpa binti yao, na sitaki waje wakute nyumba imekaa kama mzee aliyeng'oka meno. Nimeona huku mjini watu wanaweka fesha nyeupe za plastiki. Muulize Khisa, kwa kuwa ndiyo kazi yake, ni zipi zinafaa nyumba ya zamani kama hii tuliyonunua kwa mzungu. Lakini mwambie mbao za baba yako sitaki zing'olewe. Alizipiga randa kwa mkono wake tulipohamia. Zifunikwe tu.

Mama yako,
Wakiuru


Bungoma,
18 Februari 2024

Kwa mama mpendwa,

Barua yako ilifika ikinuka vitunguu, na tulifurahi. Sisi ni wazima hapa Kibabii, isipokuwa Khisa ana kikohozi cha vumbi la msumeno. Pole kwa goti. Usisahau kulifunga kitambaa chenye joto.

Nilimsomea Khisa, akacheka pale kwenye meno, kisha akaacha kucheka. Anasema watu huchagua fesha za plastiki kwa rangi badala ya kuangalia unene. Kuna nyembamba, ya kuvalisha juu ya ubao wa zamani. Hiyo haibebi kitu. Kinachobeba gata ni ubao ulio nyuma yake, na ukiwa umeoza, basi umemvalisha mgonjwa suti. Kuna nene, ambayo unang'oa kwanza ubao wa zamani, unatengeneza ncha za kenchi zilizoharibika, halafu unaifunga hapo hapo kwenye kenchi. Hiyo inaweza kubeba gata. Yeye angependa hiyo nene. "Nyumba za zamani zinadanganya," alisema. "Rangi inakaa nzima, ndani ni unga."

Lakini kwa kuwa mbao ni za baba, anasema zinaweza kubaki kama ni nzima. Lazima mtu apande adunge kila mahali kwa bisibisi, hasa ile pembe ya tangi ambapo maji humwagika. Bisibisi ikizama, mbao zing'olewe, hata kama utalia. Atakuja mwezi ujao.

Binti yako,
Wahu


Kitale,
10 Machi 2024

Kwa binti yangu,

Salamu tena. Goti limetulia, asante kwa kuuliza. Mume wako alifika jana, akanywa chai akiwa ameketi karibu na mlango kama kawaida yake. Nikamwambia, "Si upande uone?" Akatazama chini.

"Mama, kwetu mkwe hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe. Hata nipewe ng'ombe."

Nikamwambia sisi hatuna mwiko huo. Akasema, "Lakini mimi niko nao, na ndio huo naishi nao." Nilicheka, ila moyoni nilimheshimu. Siku hizi ni vijana wangapi wanakumbuka mama mkwe ni nani?

Basi Kimotho ndiye alipanda na bisibisi, Khisa akasimama uani akielekeza.

"Dunga hapo juu ya veranda. Iko aje?"

"Ngumu bana. Ni jiwe."

"Na huko kwa tangi?"

"Si nimekwambia ziko sawa zote?"

Khisa akasema afadhali amlete Barasa, fundi mwenzake, apande naye ahakikishe. Kimotho akawaka. "Ati unaniona mimi ni mtoto? Mbele ya mama?" Khisa akaliacha hapo. Mtu na shemeji yake hawabishani mbele ya mama, nami nilishukuru kwamba alilielewa hilo.

Tumechagua zile nyembamba, nyeupe. Khisa atazituma na gari la vitunguu likirudi, na Kimotho atazifunga mwenyewe akielekezwa kwa simu. Wakati wa kupima mume wako alikuwa akisema "mfeleji" badala ya mfereji na Kimotho akimcheka, mpaka nikamkumbusha kwamba kwetu lori bado ni "rori".

Mama yako,
Wakiuru


Kitale,
14 Aprili 2024

Wahu wangu,

Natumai mko salama huko na kikohozi cha Khisa kimeisha. Sisi ni shangwe tupu.

Watu wa Joy walikuja kutoka Suam, wakala, wakaomba, wakatembezwa boma lote. Mjomba wake alisimama uani akatazama fesha, akasema hii ni nyumba ya watu wanaojiheshimu. Ungemwona Kimotho! Alizifunga kwa siku chache tu, akiniambia nisimsumbue pale juu. Khisa alipita wiki jana akazitazama kutoka chini, akasema zimenyooka. Mvua nayo imetubariki, tangi limejaa hadi linamwaga. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi imeninyea.

Na jambo jingine, usilitangaze bado. Joy ni mjamzito. Akiwa mvulana ni Thuo, jina la baba yako linarudi nyumbani.

Mwambie Khisa mama mkwe amemshukuru.

Mama yako,
Wakiuru


Bungoma,
2 Juni 2024

Mama,

Pole. Tangu tumzike Kimotho nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Sijui kama unakula. Sijui nani anakuchotea maji sasa.

Najua una uchungu kuliko sisi sote. Lakini siwezi kunyamaza juu ya siku ile. Baba mdogo Kiragu alisimama kando ya kaburi akawaambia watu wote kwamba mkwe alituuzia takataka akamuua mtoto wetu, ati fundi gani anapima paa kwa macho. Khisa alikuwa ameshika koleo, anajaza udongo. Akaliweka chini, akatoka nje ya boma. Nilikutazama wewe, mama, nikingoja useme neno. Ulitazama kando.

Tangu siku hiyo hajaenda kazini. Anaketi kwenye kiti kile cha dirishani na kurudia habari ileile: mvua ya mawe ilijaza gata, Kimotho akaegemeza ngazi hapo apande kuyatoa mawe, na gata yote ya upande wa tangi ikang'oka naye akaangukia saruji. "Haiwezi kung'oka yote hivyo kama ubao uko mzima," anasema. Kisha anasema, "Ningepanda. Mwiko ungenifanya nini?" Namwambia hakukosea. Hanisikii.

Tafadhali mruhusu Barasa aje ang'oe fesha zilizobaki kabla hazijamwangukia mtu mwingine. Pia tutajua nyuma yake kulikuwa na nini.

Binti yako,
Wahu


Kitale,
30 Juni 2024

Wahu,

Barua nimeipata. Nakula kidogo. Maji ananichotea Joy, amebaki hapa tangu mazishi, na tumbo lake lile.

Unataka nimwambie nini Kiragu? Mimi nilimwomba mume wako apande, kwa mdomo wangu. Nilimwambia kwetu hakuna mwiko. Aliona heshima yake ni kubwa kuliko mtoto wangu. Watu walimsifu kwa adabu, na mimi nikiwa wa kwanza. Sasa adabu hiyo imelala pale nyuma ya nyumba chini ya udongo.

Asikanyage hapa. Barasa anaweza kuja. Sitaki kuziona hizo plastiki tena.

Wakiuru


Kitale,
25 Agosti 2024

Kwa binti yangu Wahu,

Salamu. Natumai mna afya. Joy amejifungua salama, mvulana. Thuo amerudi. Ana masikio ya kaka yako.

Barasa alikuja wiki hii. Nilimshikia ngazi mwenyewe, sikutaka mtu mwingine karibu. Juu ya veranda mbao za baba yako ni nzima hadi leo. Kwenye pembe ya tangi ni tofauti. Zimeoza, zinavunjika mkononi kama ugali wa jana. Na nyuma ya plastiki iliyoanguka na gata, ambayo hakuna aliyeigusa tangu Mei, alikuta vipande vya ubao mpya wa saiprasi vilivyokuwa vimepigiliwa juu ya huo uozo. Skrubu za gata ziliingia kwenye vipande hivyo, na vipande vyenyewe vilishikwa na misumari iliyoingia kwenye ubao uliooza. Misumari naijua. Ni ileile aliyojengea banda la kuku.

Kimotho alijua, Wahu. Bisibisi ilizama, akatuambia ziko sawa zote. Watu wa Joy walikuwa njiani, na mimi nilikuwa nimesema mbao za baba yake zisiguswe. Akaona atafunika kwanza, atatengeneza baadaye, baada ya wageni. Nimemkasirikia mpaka nikaenda kaburini kumgombeza. Halafu nikalia, maana ni mtoto wangu.

Sasa nisikilize vizuri. Vile vipande nimevichoma jikoni. Barasa ameniahidi kunyamaza. Kiragu hajui na sitaki ajue. Huyu mtoto atakua akiuliza baba yake alikufaje, na sitaki aambiwe aliuawa na uongo wake mwenyewe. Watu wa Joy pia wanasikiliza kila neno, wakitafuta sababu ya kumrudisha msichana wao na mjukuu wangu Suam. Khisa yuko hai. Ana mke, ana mikono, ana mji wake, na maneno ya Kitale hayamfikii huko. Kimotho amebaki na jina tu.

Nakuomba kama mama aliyekuzaa. Mwache Khisa abebe. Usimsomee barua hii. Ichome.

Mama yako,
Wakiuru


Bungoma,
1 Septemba 2024

Mama,

Salamu kwako, kwa Joy na kwa Thuo mdogo. Nimefurahi kwamba ni mzima. Nimempa dereva blanketi lake pamoja na barua hii.

Nilimsomea Khisa. Nilijaribu kutofanya hivyo. Lakini mtu amekaa mbele yangu tangu Mei akijihukumu, na jibu liko mkononi mwangu. Ningemtazamaje? Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie pale pa bisibisi. Akatoka nje kwa muda mrefu. Aliporudi alisema, "Mwambie mama ni sawa. Mimi nitabeba. Mtu akishakufa hawezi kujitetea." Kisha akaomba chakula, akamaliza sahani.

Kwa hivyo umepata ulichoomba. Sitamwambia Kiragu wala Joy, na barua nimeichoma. Lakini mimi siwezi kuketi katika nyumba ambamo mume wangu anaitwa muuaji, nipokee chai, ninyamaze, na wewe uko hapo ukijua. Sitakuja Krismasi. Sitakuja baada ya hapo. Ukiugua nitumie neno, nitakuja hospitalini, lakini nyumbani siji. Kimotho nilinyang'anywa. Wewe ninakuacha mwenyewe, mama, na inaniuma kuliko mazishi. Nakupenda, na nimekukasirikia sana.

Barasa atarudi kwako kabla mvua hazijakatika, akiwa na fesha zile nene, za kufungwa kwenye kenchi. Khisa amezichagua mwenyewe, moja moja. Anasema huwezi kuzeeka ukiteremka kisimani. Kiragu akiuliza nani amezituma, najua utapata la kumwambia.

Binti yako,
Wahu