Hita ya Mama Noreen

Jumanne, Granville

Leo treni iliniacha, na bado nacheka peke yangu.

Ile tabia ya Mama Noreen, kikongwe wa Kiayalandi ninayemhudumia, ilikuwa inanichosha. Kila jioni lazima aiombee hita ya umeme inayopasha chumba joto kabla haijazimwa, kama mama yake alivyoyaombea makaa akiyafukia kwa majivu ili moto usife hadi asubuhi. Leo nilikuwa na haraka, nikaizima mwenyewe. Akanitazama kama vile nimemzimia nyumba nzima.

"Mwanangu, hatujaiaga!"

Basi nikaiwasha upya, tukasubiri iwe nyekundu. Akaanza sala zake za Kiayalandi. Nami, bila kufikiri, nikasema Bismillahi, kama bibi yangu kule Tanga alipokuwa akifukia makaa yake.

Akanishika mkono. "Kumbe unaijua!"

Naijua, ila tangu nihamie huku nazima vitu kwa kidole tu.

Nyumbani nimezima hita yetu kwa Bismillahi. Binti yangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, naongea na nani. Nikamwambia aje aweke mkono hapa kabla hapajapoa.

Akaja.