Salamu Alizopewa Kwizera

Uvira, mtaa wa Songo
Mwishoni mwa Novemba 2002

Kwako Mama mpenzi, huko Lemera,

Nakuamkia kwa heshima, na natumaini Spès anakusomea barua hii ukiwa umenyoosha mguu kama muuguzi alivyoagiza, si umeukunja chini ya kigoda kwa sababu eti muuguzi mwenyewe ni mtoto wa juzi. Uvimbe umepungua? Na maharage, mliyavuna ninyi, au wapita njia waliwatangulia? Sisi huku ni wazima. Watoto wanakula, paa halivuji sana, mume wangu anakohoa lakini anakohoa kila mwaka majira haya. Spès mdogo wangu, soma polepole, na usiruke maneno kwa kuwa umechoka. Barua hii nimempa Pélagie muuza chumvi, ambaye anajua kuipitisha kwenye vizuizi.

Kwanza nijibu swali lako. Ulimwuliza Pélagie kazi yangu ni kazi gani hasa, maana huko wanasema nimeajiriwa kuchapa wanafunzi. Mama, wanafunzi wenyewe wamenizidi kifua. Niko kwenye aparitora, yaani ofisi ya chuo inayoshughulikia nidhamu yao: aliyeiba, aliyelewa, aliyemtukana mwalimu, waliopigana bwenini. Zamani ofisi hii ilijua mambo mawili tu, kumwonya mtu na kumfukuza. Tangu niliporudi kutoka mafunzo ya Bukavu tunafanya na la tatu. Tunawakalisha mkosaji na mkosewa pamoja na watu wao, kila mmoja anasema lililotokea, halafu mkosaji anaeleza atatengenezaje alichoharibu.

Bukavu walitufundisha kukaa kwenye viti kwa duara. Nilijaribu. Watu wakishakaa kwenye viti kwa duara wanaanza kusema Kifaransa, na kwa Kifaransa sijapata kuona aliyekosa. Basi nikaondoa viti, nikatandika mikeka, nikaleta jiko la mbabula na makaa. Siku hizi mkosaji anasonga bugali hapo hapo mbele ya watu, na wakipatana wanakula sahani moja. Mkuu wa chuo anasema nimegeuza ofisi yake kuwa mgahawa. Lakini ameona kwamba waliopita kwenye mikeka yangu hawarudi kupigana, kwa hiyo ananuna na kuniacha.

Sasa nikueleze kesi iliyonishika mwezi huu. Wapiganaji walipotelemka kutoka milimani mwezi uliopita na kuushika mji, kabla hawajafukuzwa tena, waliweka kizuizi karibu na bweni letu. Katika bweni hilo walilala chumba kimoja vijana wawili wa mwaka wa mwisho. Mmoja ni Kwizera, mtu wa bondeni, upande wa Kamanyola, ambaye kwao wanasema Kirundi. Mwingine ni Héritier, Mfuliiru kama sisi. Walikuwa wameishi vizuri miaka yote ya masomo, mpaka vita vilipokatiza mabomba na wakagombana juu ya zamu ya kuchota maji.

Ugomvi wa ndoo ya maji, Mama, kwa siku za kawaida ningeumaliza nikiwa nimesimama mlangoni. Lakini kabla haujapoa wapiganaji waliingia bwenini wakitafuta wapelelezi, wakiuliza ni nani humo anayesema lugha ya Burundi, ng'ambo ya mto Ruzizi. Héritier alimwonyesha Kwizera. Hakutumia hata kidole, alichomoza mdomo tu, vile sisi tunavyofanya mgeni akituuliza njia. Wakamchukua Kwizera. Alirudi wapiganaji walipokimbia, akitembea kwa kushika ukuta, na sikio lake la kushoto tangu hapo halisikii kitu.

Halmashauri ya chuo ilitaka Héritier afukuzwe, na sikuona ubaya katika hasira yao. Niliwaambia jambo moja tu, kwamba kila kijana tuliyemfukuza mwaka huu alipanda mlima na kupewa bunduki, na kwamba kumfukuza huyu ni kuwaongezea wale askari mwingine. Kwa upande wake Kwizera alisema hatakaa darasa moja na Héritier. Akibaki Héritier, yeye atarudi kwao kulima, diploma aichukue atakayeitaka. Kwa hiyo mmoja wao angepotea, na ilionekana ni jukumu langu kuchagua yupi. Mkuu alinipa mpaka Jumamosi. Kama Kwizera asingekubali kufikia siku hiyo, Mkuu angetia sahihi Héritier afukuzwe.

Nilimwita Kwizera ofisini mara kadhaa. Alikuja kila nilipomwita, akakaa, akajibu kwa adabu huku amegeuza sikio lake zima upande wangu. Nilimweleza mengi juu ya msamaha. Ninayo maneno mazuri juu ya msamaha, Mama, nimeyasema mara nyingi kiasi kwamba yanatoka yenyewe. Siku moja nilimwuliza kama kuna jambo bado hajalisema. Akaniangalia sana, akasema, "Iko moja, Madame, lakini saa yake haiyafika." Nilidhani ni kiburi cha kijana, nikamwacha.

Jumamosi tulikaa. Upande mmoja Kwizera na baba yake mdogo, mzee Ndayisenga, aliyekuja kutoka bondeni kwa miguu akiwa amevaa koti la kanisani. Upande wa pili Héritier na dada yake Josée. Mkuu wa chuo alikaa mlangoni kwenye kiti chake, kwa kuwa mkeka haumfai, na mimi nilikaa katikati karibu na mbabula, mahali pa mwenye shughuli.

Héritier alisema vizuri kuliko nilivyotazamia. Hakusingizia bunduki peke yake. Alisema, "Minye niliogopa, na kasirani ya maji ilikuwa ingali mu roho. Nikaona heri wabebe ye, waniache minye." Josée akajifunika uso kwa kitenge. Kisha Héritier akaeleza atakachofanya. Darasani atakaa upande wa kushoto wa Kwizera na kumwandikia kila asichokisikia, mpaka mtihani wa mwisho. Tena atakwenda bondeni na mzee Ndayisenga, aseme mbele ya majirani kwamba Kwizera hakuwa mpelelezi wa mtu, kwa sababu uvumi ulikwishafika huko na ulikuwa unaweza kumuua mara ya pili. Mzee aliitikia kwa kichwa. Nilianza kufikiri nitakavyoiandika ripoti.

Hapo ndipo nilipoharibu. Héritier alisonga bugali, akaipua, akaweka samaki wadogo wa ndagala pembeni, akamega tonge na kulipeleka kinywani mwake. Nami nikamshika mkono. Katika kanuni nilizozitunga mwenyewe nimeandika kwamba mkosewa ahudumiwe kwanza, ndiyo heshima yake, na kanuni zangu nazipenda. Nikamwambia Kwizera kwanza. Héritier akaliweka tonge lile mbele ya Kwizera bila kulionja.

Unaweza kucheka, Mama. Mimi, binti yako, uliyenipiga kwenzi siku nilipompa shemeji yako pombe kabla ya kupiga funda mwenyewe! Mzee Ndayisenga alivuta miguu yake kutoka kwenye mkeka na kuanza kutafuta viatu. Mtu aliyekwisha kukuuza mara moja anakuwekea chakula asichokionja, na mama wa ofisi ndiye anayemzuia asionje. Wangefikiri nini kama si sumu? Uso uliniwaka kwa aibu.

Aliyetuokoa ni Kwizera. Alimshika mzee koti, akasema, "Madame, muache aonje." Héritier akalichukua tonge, akalila lote, akameza huku wote tunamtazama koo, halafu akamega jingine na kuliweka. Kwizera hakulishika. Alisema kwamba kwa kanuni za Madame kila kitu kinasemwa kabla ya kula, na yeye alikuwa amebakiwa na kimoja.

Spès, simama hapo kwanza. Kama kuna mtu mwingine humo ndani, hata jirani mwema, mpe sababu atoke. Funga mlango. Mshike Mama mkono, ndipo uendelee.

Kwizera alisema kwamba Héritier alimwonyesha kwa mdomo, lakini mkono wa Héritier haukumgusa. Aliyempiga alikuwa mmoja tu, siku zote mmoja yule yule, na alipiga bila hasira. Mtu huyo alimwuliza anasoma wapi. Alipotajiwa chuo akaacha kupiga, akauliza kama Madame Agnès wa aparitora bado yuko, yule mrefu. Akacheka, akasema huyo ni yaya wake, dada yake mkubwa, mama mmoja baba mmoja, na kwamba anapenda sana watu waombane msamaha. Akamtuma Kwizera anisalimie. Baada ya hapo akaendelea kumpiga, na ni wakati huo sikio lilipokufa.

Kwizera alinigeukia akasema, "Minye nilikuwa na salamu yako, Madame. Nilikuwa sijaitoa. Anasema weye utamujua kwa jina la Monsinyori."

Mama, Mathieu ni mzima.

Hakuna kosa katika habari hii, nimeipima kila upande. Jina hilo la Monsinyori halikutoka nje ya jiko lako, tulimpa kwa sababu alikuwa akiwabariki mbuzi kwa mwiko. Mtoto tuliyemlilia bila mwili, ambaye ulinyoa nywele kwa ajili yake na padri akamsomea misa, anapumua, anakula, anacheka, na amemfanya mwanafunzi wangu kiziwi wa upande mmoja. Nilifurahi. Nakuambia wazi kwa sababu ni wewe: kitu cha kwanza nilichokihisi mbele ya kijana yule ni furaha, moyo uliruka kabla sijaukamata, na nadhani aliiona usoni pangu. Tangu siku hiyo siwezi kuisamehe furaha ile wala siwezi kuiondoa.

Kwa kawaida yetu ndugu anajibu mahali pa ndugu asiyekuwapo. Nilitoka katikati nilipokuwa nimekaa, nikaenda kukaa upande wa mkosaji, kati ya Héritier na dada yake. Mkuu wa chuo aliniuliza kwa Kifaransa nafanya nini. Niliomba radhi kwa jina la baba yetu na kwa jina lako. Maneno yale mazuri hayakuja, yalikuja mengine mafupi, tena yamevunjika. Nikamega tonge, nikachovya, nikaonja, nikamega la pili na kuliweka mbele yake pembeni mwa lile la Héritier.

Kwizera alikula la Héritier. Alilitafuna polepole, akameza, na mzee Ndayisenga akarudisha miguu yake mkekani na kula pia. Josée alilia kwa sauti. La kwangu Kwizera aliligusa kwa ncha ya kidole na kulisogeza kando taratibu, bila dharau. Akasema, "Ya weye siikatai kwa ubaya. Weye haukunipiga. Ya ye nitaingojea ye mwenyewe."

Kwa hiyo Héritier hakufukuzwa. Wanakaa dawati moja, anaandika, wakati mwingine wanabishana kama zamani. Mkuu ameandika kwamba shauri limekwisha vizuri na anataka nikawaeleze wenzetu wa vyuo vingine. Nimemwambia halijaisha, akanitazama kama mtu anavyomtazama mwenye homa.

Sasa nikuombe, Mama. Nakujua. Tangu Spès aliposoma jina la Mathieu umeacha kusikiliza, unahesabu kuku. Mathieu atakuja kwako kabla ya kuja kwa mtu yeyote, labda njaa ikimzidi, labda akijeruhiwa, kwa maana jiko lako analijua hata gizani. Mfungulie. Mchinjie. Mtazame mpaka ushibe. Simwiti kwenye gereza wala kwa askari wa huku mjini, na anayesema hivyo asisikilizwe. Lakini akishakula, usimfiche. Mwambie kuna kijana wa bondeni anamngojea akiwa amekaa chini, na kwamba mimi nitakaa pembeni yake yeye, ndugu yangu, siku hiyo, hata kama nitapoteza kazi kwa kukaa huko. Atakuambia vita ni vita. Mwulize basi kwa nini alituma salamu.

Msalimie kaka André na mkewe, na mama mchungaji, na wote wanaoniuliza hali. Mume wangu na watoto wanakupigia magoti. Spès, barua hii uitie motoni leo hii, usingoje kesho.

Na salamu za Mathieu, kwa kuwa nilizipokea, ni lazima nizifikishe: anakusalimu. Akikataa kuja kwa Kwizera, usinitumie salamu nyingine zake.

Ni mimi mtoto wako anayekupenda,
Agnès