Kadi Uliyotutumia Kutoka Mwanza

Mandawa, Ruangwa,
12 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Rogath,

Tumsifu Yesu Kristo! Hujambo? Mgongo wako je, umepoa? Wifi Teddy na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mikorosho imetoa maua, ila mafua ya vumbi yanatusumbua.

Kaka, asante. Nasema tena, asante! Kadi ya kompyuta ilifika kwa basi Jumatano. Uliifunga ndani ya soksi mbili, mpaka Hassani, fundi redio wa Nachingwea, akacheka.

Unakumbuka ulipotuletea kompyuta ile parokiani mwaka 1999, tayari mtumba? Nilinuna. Nilitaka mpya, ya kupakata. Ukafungua kasha la bati, ukanionyesha nafasi saba za kuchomekea kadi, ukasema ni kama nyumba ya udongo, unaongeza chumba ukijaliwa. Na kweli uliongeza: kadi ya kumbukumbu, diski kubwa, kisha kadi ya printa. Nami karani nikaingiza wabatizwa wote. Mchwa walipokula daftari, majina yalibaki humo tu.

Sasa nitubu. Kwenye simu nilikwambia umeme ndio ulioiunguza. Uongo mtupu! Ni kitambaa changu. Nilikifuma mwenyewe, cha waridi, nikaifunika kama tunavyofunika redio na makochi, kikaziba matundu ya nyuma. Hata ikifanya kazi sikukitoa, niliona aibu kuiacha wazi mbele ya wageni. Ikapata joto mpaka kadi inayopeleka maandishi kwenye kioo ikaungua. Nisamehe, kaka yangu.

Tena iliungua wiki ileile Lusiana wangu anatakiwa apeleke cheti cha ubatizo ili afunge ndoa. Wasimamizi wake wa ubatizo wote wametangulia mbele ya haki. Upande wa bwana harusi wakaanza kunong'ona kwamba hakubatizwa. Mtoto akaacha kula. Mimi mama yake, na karani ni mimi, nilitamani ardhi inimeze!

Hassani akachomoa kadi iliyoungua, akachomeka yako. Kioo kikawaka. Nikatafuta mwaka 2001, huyu hapa: Lusiana, binti wa Modest na Dionisia. Nilipiga vigelegele mle ofisini, Padre akaja mbio akidhani kuna nyoka. Hassani anasema kompyuta za siku hizi zimegandishwa kwa gundi, hazifunguki hivyo. Basi ulijua kunichagulia.

Lusiana ameolewa Jumamosi. Alipendeza, na ubwabwa ulitosha.

Shangazi Rozalia anakusalimu sana. Nisalimie wanao, Leonard na Magreti, waambie wasisahau huku kwao.

Kaka, unajua mtu akifunga ndoa, karani hurudi kwenye jina lake la ubatizo na kuandika pembeni. Leo asubuhi nimeketi mbele ya kioo, Lusiana amesimama nyuma yangu, mkono begani. Nikaandika kando ya jina lake: ameolewa. Tukalia sote wawili.

Mungu akutunze, na mikono yako isichoke.

Mdogo wako akupendaye,
Dionisia