Chuma Kilicholia Katikati ya Wimbo

Jumapili, alasiri. Mvua imeanza tukiwa kanisani na sasa hivi ndiyo imekatika. Mtaa wetu wa Kapata wote ni tope jekundu. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo naandika.

Tangu kiangazi nimekuwa kero kwa watu. Kila anayenisalimu namwuliza: unajua panki yoyote iliyochanganywa na muziki mwingine? Wanadhani nimerukwa na akili. Mwanamke mzima, muuza dawa, tena wa kwaya, anatafuta watu wanaopayuka juu ya gitaa la fujo!

Ni kwa sababu ya Ilunga, mdogo wangu. Alikuwa mchimbaji wa madini kule Musonoi. Mwaka mmoja alikwenda Dilolo, mpakani na Angola, kuuza vitenge, akarudi na nyimbo nne kwenye simu, alizopewa na dereva Mwangola. Hazikuwa na majina, wala jina la mwimbaji. Zilikuwa na namba tu. Zilikuwa panki, lakini panki iliyooa kila kabila: moja ina tarumbeta, moja ina kinanda, moja inaanza kama rege. Ya tatu ndiyo niliyoipenda mimi. Mwimbaji anapayuka, gitaa linanyamaza ghafla, mara tano wimbo mzima, na katika kimya hicho chuma kinalia, ti-ti-ting, ti-ting, kwa mwendo wa ngoma za arusi za kwao mama. Kila nikisikia hapo nilikuwa naacha mwiko ndani ya ugali, bukari yetu, na kucheza peke yangu jikoni.

"Yaya, bukari itaungua!" Ilunga alikuwa ananipazia sauti dada yake kutoka uani, huku akicheka.

Kiangazi kilichopita shimo la mgodi liliporomoka. Yeye tulimpata. Simu hatukuipata.

Baada ya matanga nikaanza kutafuta. Sikutafuta ule wimbo wenyewe, maana wimbo usio na jina unautafutia wapi? Nilitafuta unaofanana nao. Mtandao ukinipa panki ya tarumbeta, naisikiliza mpaka kati, nafunga. Ukinipa ya rege, nafunga. Nyingine ni nzuri kweli, siku nyingine ningezipenda. Hakuna hata moja iliyokuwa na chuma changu.

Nikiri jambo. Sauti ya Ilunga imeanza kunitoka. Maneno yake nayakumbuka, sauti siikumbuki. Nilijiambia nikipata muziki unaokaribia ule, sauti yake itarudi pamoja nao.

Jana nilimfikia Tata Kasongo, mzee anayeingiza nyimbo kwenye simu za watu sokoni. Nilimwimbia ile ya tatu mbele ya wateja, bila haya. Akanitazama sana.

"Mama, hii njo ya Ilunga. Aliniachiaka zote ine. Ziko humu mu ordinateur."

Nililia pale pale. Akaniwekea kwenye simu kutoka kompyuta yake, nami nikaenda nayo nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Sikuifungua mpaka leo baada ya misa, nikiwa peke yangu chumbani, mlango nimeufunga.

Mwimbaji anapayuka. Gitaa linanyamaza. Kimya. Gitaa linarudi.

Hakuna chuma.

Sikungoja mvua ikatike. Nilimfuata mzee wa watu hadi kwake, nikamwambia ameukata wimbo, au amenipa mwingine. Nilimsema vibaya, na kesho lazima nikamwombe radhi. Hakukasirika hata kidogo.

"Mi sikukata kitu, mama. Wimbo iko vile tangu aliileta."

Nilirudi nimelowa. Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Nikaketi karibu yake, nikauweka tena ili nitafute kasoro iko wapi. Gitaa liliponyamaza, mama akasema, bila kuinua kichwa:

"Hapa njo alikuwa anapigaka beseni."

Beseni la bati la kufulia. Ilunga alikuwa anafua uani nguo zake za shimoni, simu ameiweka juu ya ukuta, kijiko mkononi. Nami nilikuwa namfokea kutoka dirishani: Ilunga, utalitoboa hilo beseni! Nilikuwa nagombana na beseni na kuusifu wimbo, kila siku, wala sikujua ni kitu kimoja.

Miezi yote hii nimewatafuta watu wa mbali wanaojua kuchanganya. Aliyechanganya alikuwa uani kwetu.

Na beseni lenyewe? Wiki chache baada ya matanga walipita wanunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wao. Lilikuwa limebonyea upande mmoja, linavuja. Nililitoa mimi, kwa mikono yangu, wakanipa la plastiki, la buluu. Hata nilifurahi.

Nimelipiga hilo la plastiki kwa kijiko, mara moja tu. Mama amegeuza uso.

Sitafuti tena wimbo unaofanana. Nilitaka kuuzima huu na kuiweka simu kabatini, lakini mama amenishika mkono.

"Weka tena."

Nimeuweka. Gitaa linanyamaza mara tano, na kila mara mama anainua kidole, anangoja, kisha anakishusha.