Kaizari ni Kaka wa Mama Yupi?

Korogwe, ghala la mizigo, karibu na mto

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Vita hivi vyote vya Mdachi na Mwingereza nimevishika mimi kwa vidole viwili. Nikiweka kalamu chini leo, kesho Kaizari anakuja hapa ghalani kunipigia magoti. Maana mzigo usio na kibao nilichoandika mimi hautoki, askari asiyeletewa mzigo hali, na asiyekula hapigani. Basi watangazie hapo Handeni kwamba mjukuu wako, yule aliyefukuzwa shule mwaka wa pili kwa ubishi, sasa ndiye serikali.

Shikamoo, bibi. Mgongo umekuachia? Bado unawanyima wageni bada, ugali wako wa muhogo, na kusingizia chungu kimepasuka? Mimi mzima, ila nakaa kwa upande mmoja, sababu utaisikia. Na wewe Mwalimu wa chuo unayemsomea, soma neno kwa neno, usiruke penye aibu.

Barua yenu aliileta mchuuzi wa tumbaku. Nimesoma kwamba Mjomba, mwanao, alikamatwa korongoni pamoja na wanaume wengine saba, wakafungwa kamba kwenda kubeba mizigo ya vita. Nimesoma pia mnavyosema kuwa mkewe, Mama Siwema, ndiye aliyewaonyesha askari maficho, kwa kuwa kaka yake ni tarishi wa akida. Mmemfukuza, yeye na watoto wake wanne. Nimeisoma mara tatu. Nitaijibu. Lakini kwanza usikie nilivyomtikisa Mdachi.

Siku moja bwana wa ghala, Mdachi mrefu mwenye masharubu kama mkia wa ndama, alitukusanya sote, makarani na wapagazi. Akida wa kutoka pwani akawa anafasiri.

"Kaizari ni baba yenu," anasema. "Baba akipigwa, mtoto hukimbia?"

Mimi nikasimama, unanijua.

"Bwana, mimi Mzigua. Kwetu baba ni mgeni aliyekaribishwa. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye amri juu yake ni mjomba. Sasa nauliza, huyu Kaizari ni kaka wa mama yupi?"

Akida akanigeukia. "Wewe mtoto, unataka nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie. Au Kidachi chako kinaishia kwenye 'ndiyo, bwana'?"

Watu walicheka, bibi, mpaka Msambaa mmoja akaangusha gunia alilokuwa amejitwika. Swali likafasiriwa, nami nikapewa hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano, palepale. Sikulia. Haya, nililia, lakini kwa jicho moja, na ilikuwa imeshafika ya kumi na nane.

Mchapaji alikuwa askari Masanja. Ni Mnyamwezi, mtani wetu, kwa hiyo nyingine alizipeleka kwenye vumbi. Tangu hapo tukawa tunakula pamoja.

Bibi, hapa nimeona nchi inavyoundwa. Wewe ulizoea wazee wakae, wabishane siku tatu, na asiyeridhika ahamishe nyumba yake akajenge kwingine. Mdachi alikuja na bunduki, akatuwekea akida tusiyemjua hata kwao, akasema haya, sasa ninyi ni nchi yangu. Nani alimwitikia? Leo vita vimemfika, na mwenye nguvu huyo anazunguka kunyang'anya mtama wa wajane. Bunduki hailimi, bunduki haijibebi. Serikali yao yote imekaa juu ya vichwa vyetu, na wao wanadhani imekaa juu ya mawe. Mwingereza naye wanasema anashuka na njia ya reli. Aje. Siku akipandisha bendera yake nitamuuliza swali lilelile, na matako yangu yatakuwa yamepona.

Sasa Mjomba. Alifika hapa amefungwa kamba, wa mbele katika wale wanane, miguu imevimba. Kibao cha mzigo wake nilikiandika mimi. Nilimpa mzigo mwepesi wa blanketi, wenzake wakapata masanduku ya risasi. Aliponiona hakuzungumzia kamba. Aligeuka akawaambia wote kwa sauti:

"Huyu ni mpwa wangu! Ndiye aliyemuuliza Mdachi mjomba wetu ni nani!"

Wakanishangilia, nao wamefungwa. Kesho yake waliondoka, na sijui walikopelekwa.

Nisalimie mama, mwambie shati lake nalivaa. Nisalimie shangazi mfinyanzi, na mdogo wangu Mwanaidi asiyetaka kuchunga mbuzi. Mwalimu, na wewe salamu. Sasa fungua mlango, waite wote waliomfukuza Mama Siwema, ndipo usome yanayofuata.

Tulikuwa tunakula mahindi, mimi na Masanja. Akanitania: "Ninyi Wazigua nitawafunga wote kama kuni." Utani wenyewe unaujua, mtani hukutukana, nawe humpa kubwa zaidi, na neno halitoki pale lilipotamkwa. Nami nilitaka kushinda. Nikamwambia, "Utamfunga nani? Mjomba wangu yuko korongoni nyuma ya kichaka cha miiba tangu masika, anapika na moshi hamuuoni, vipofu ninyi!" Akacheka mpaka akapaliwa. Nikacheka naye. Nilimwona mtani, sikuiona kofia ya serikali kichwani kwake. Siku ya nane ndipo Mjomba akaletwa.

Mrudisheni Mama Siwema, mkampigie magoti. Hakusema neno. Aliyemtoa mwanao, bibi, ni mimi, na Mjomba ameondoka hajui.

Mjukuu wako,
Salimu