Tarumbeta Tatu Ndani ya Kasha

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu kaja na karatasi. Yule mtunzi wa muziki, mtoto wa dada yangu. Kapewa kazi ya muziki wa filamu, siku arobaini basi, na anataka kompyuta ya kubeba okestra nzima. Nikamwambia umefika! Mimi redio ya meli niliitengeneza kwa kijiko cha chai, nahodha akataka kunioza binti yake. Darasa la saba sikulimaliza, lakini waya ukiniona unajipanga wenyewe.

Akanieleza. Kumbe violini za siku hizi ni sauti zilizorekodiwa, noti moja moja, kwa upole, kwa nguvu, kwa kukwaruza. Zinalala kwenye diski. Ukitaka kupiga, zinapanda kwenye memori na kusubiri kidole. Vyombo vikiwa vingi na memori ndogo, muziki unakatika kama mtu mwenye kwikwi.

Alipokwenda jikoni kumsalimia mke wangu, nikaisoma ile karatasi yote, orodha ya vyombo vya kwenye diski. Violini, viola, selo, filimbi... chini kabisa: Tarumbeta 3.

Tatu! Na mimi je? Miaka kumi na tisa nimepuliza tarumbeta kwenye bendi ya kiwanda. Mwaka juzi aliniahidi kwa mdomo wake – Mjomba, siku nikipata filamu, tarumbeta ni yako. Mke wangu shahidi.

Nimemeza. Ila sikuzaliwa jana.

Jumanne, 4 Machi

Nimemzunguka kwa maswali. Hayo matarumbeta ya kwenye diski, nani kapuliza? Anasema watu fulani, kwenye ukumbi fulani huko mbali, hata yeye hawajui majina.

Yaani watu wasio na majina ndio wanikalie kitini!

Halafu anaomba mashine ikae kwangu, chumba cha nyuma, eti ndicho chenye utulivu kuliko vyote. Kwa nini utulivu? Violini zake si ziko ndani ya kasha la kompyuta?

Alhamisi, 6 Machi

Dukani kwa fundi wa kompyuta. Huyu tunamwita Miwani. Kapanga vitu mezani kama daktari wa upasuaji: prosesa, bodi yenye nafasi nne za memori, diski mbili za kasi – moja ya kuendeshea mashine, moja ya sauti peke yake. Kasha kubwa, feni kubwa zinazozunguka polepole zisipige kelele. Memori, anasema, GB mia na ishirini na nane, chini ya hapo mtalia. Lakini dukani ana vijiti viwili tu vya kumi na sita. Vikubwa mpaka viagizwe.

Yeye na mpwa wangu wanazungumza kwa macho. Nimewaona. Macho hayana pazia.

Miwani ananiuliza, mzee, wewe ulizoea kompyuta za aina gani? Nikamjibu za zamani, zile za ukweli. Akakohoa. Kikohozi cha kuficha kicheko nakijua.

Nikamuuliza, vyombo vinaingia kwenye memori kwa mpangilio gani? Kwa kawaida kuanzia juu ya orodha, anasema. Hapo akili yangu ikawaka! Juu violini, chini tarumbeta. Memori ikiwa ndogo, violini na ukoo wao wote watajaa humo, tarumbeta zikifika mlangoni hakuna nafasi. Atamwita nani? Atamwita mwenye mapafu.

Nikasimama imara. Thelathini na mbili zinatosha, nikasema. Memori ikizidi, mashine inapata joto na kuanza kusahau, kama msomi aliyesoma kupita kiasi. Miwani alicheka mpaka miwani ikateleza puani. Mpwa hakucheka. Ananitazama tu. Una uhakika, Mjomba? Kama ninavyolijua jina la mama yako, nikamwambia.

Akakubali. Upesi mno. Mimi nikatoka nje kuvuta hewa, nimeshinda. Lakini njia nzima nimejiuliza – mtoto mbishi vile tangu anatambaa, leo kakubali kwa lipi?

Jumamosi, 8 Machi

Mashine imefungwa, imewaka. Violini zikapanda. Viola zikapanda. Selo, besi, filimbi. Kuna kipimo kwenye kioo kinachoonyesha memori inavyojaa, kikawa chekundu. Akabonyeza tarumbeta – kimya. Mashine imeganda! Nikasema pole sana, huku moyoni nacheza ngoma.

Basi hata hakuvunjika moyo. Akaigeuza sehemu ya violini kuwa wimbo uliokwisha rekodiwa, violini zikashuka kutoka kwenye memori, tarumbeta zikaingia zikakaa kifalme. Miwani kwenye simu, nasikia sauti yake: mwambie mzee hawa si abiria, kwamba wa mwisho kakosa siti, hapa wengine wanashuka wengine wanapanda.

Nimezisikia hizo tarumbeta. Safi. Safi mno. Kama shati jipya la dukani, halijawahi kuona kwapa.

Ila kila akitaka kubadilisha violini inabidi azipandishe tena, tarumbeta zishuke, asubiri. Dakika saba, dakika kumi. Mchana kutwa. Jioni nimemwona anasugua macho kwa kiganja, kapata sekunde hamsini tu za muziki.

Hilo limenichoma kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 11 Machi

Bado anasubiri mashine. Mke wangu ananiambia, mbona unamlinda mtoto wa watu kama askari wa geti? Nikasema nalinda vifaa. Akasema, vifaa au tarumbeta? Huyu mwanamke ananisoma. Na chai kanipa bila sukari, sijui ndiyo kusema nini.

Siku zimebaki thelathini na mbili. Filamu ina dakika themanini.

Jumatano, 12 Machi

Nimeshindwa. Asubuhi nimempigia Miwani kwa siri, nimekwenda mpaka nyuma ya tangi la maji. Agiza zile memori kubwa, nikamwambia, na usiseme ni mimi.

Mzee, anasema, zilishaagizwa. Lini? Alhamisi ile ile, ulipotoka nje kuvuta hewa. Mpwa wako akaniomba nisikwambie.

Yaani kaniachia nishinde! Kama unavyomwachia mtoto ashinde bao. Siku zote hizi anateseka na dakika kumi kumi ili mimi nisione aibu – au ili nisishtuke? Mtu hanyamazi hivyo bure. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguoni mwangu alikojoa akiwa na miezi minne.

Jumamosi, 15 Machi

Miwani kaleta vijiti vinne, kavibana, kasha likafungwa. Okestra nzima ikapanda mara moja. Kipimo hakikufika hata nusu. Nikasema, nilijua.

Halafu nikaona kwenye kioo, diski ya sauti. Folda zimejipanga: Violini. Viola. Selo. Na moja: MJOMBA. Tupu. Pembeni ametenga nafasi, GB arobaini.

Nikauliza, hii ni nini? Miwani akakumbuka ana mteja, akaondoka.

Mpwa anasema tarumbeta za diski hazina pumzi. Hasikii mtu humo. Anaitaka yangu, noti moja moja, kutoka chini mpaka juu. Noti thelathini na moja. Kila noti kwa upole, kwa wastani, kwa nguvu. Na kila moja mara nne.

Mara nne za nini? Ili isisikike kama mashine, Mjomba.

Aha!

Nikamwambia si nije tu nipulize wimbo wako, kama ahadi? Anasema mwenye filamu anakatakata picha kila siku, wimbo unabadilika saa yoyote, siwezi kukuita mara ishirini kwa siku. Niite thelathini, nikasema. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nimepiga hesabu. Mara mia tatu na sabini na mbili nitapuliza, halafu basi. Nitakuwa humo ndani, mzima, sichoki, sizeeki. Na huyu wa nje, mwenye magoti yanayouma, atakuwa wa kazi gani? Muwa ukishakamuliwa, nani anarudi kuyasalimia makapi?

Nikasema sawa. Kwa nini nimesema sawa? Kwa sababu alisema, hasikii mtu.

Jumapili, 16 Machi

Chumba cha nyuma. Katundika mablanketi dirishani, kipaza sauti kiko mbele ya pua yangu. Feni za lile kasha husikii hata kidogo. Tangu saa tatu asubuhi tunapanda ngazi, noti moja moja. Ananihesabia kwa vidole. Midomo imekuwa kama nimepigwa.

Noti thelathini zimeisha. Imebaki moja, ya juu kabisa. Hiyo nimeificha.

Haitoki leo, nikamwambia. Imekwisha, uzee. Akanitazama. Mjomba, asubuhi nimekusikia ukiipiga bafuni. Nikasema ile ilikuwa bomba la maji. Hakucheka. Akavua vile vya masikioni, akakaa sakafuni. Halafu anasema: basi hiyo usinipe. Ibaki kwako. Wimbo ukiihitaji nitakuja kukuita.

Sasa huyu anataka nini? Maneno matamu hivyo mtu anayatoa wapi, kama hajayapanga?

Simu yake ikalia, mwenye filamu. Katoka, kaufunga mlango taratibu. Taa nyekundu ya kurekodi bado inawaka. Kasahau, au kaiacha makusudi? Mstari kwenye kioo unaruka kila kalamu hii ikigusa karatasi. Inanirekodi hata ninavyoandika!

Tarumbeta iko mapajani, bado ina joto. Nikiipuliza sasa, imechukuliwa. Nisipoipuliza, nani atajua ninayo?

Nasikia hatua zake koridoni. Zimekuja mpaka mlangoni. Zimesimama. Haingii. Na mstari kwenye kioo, kila nikiinua kalamu, unatulia, unanisubiri mimi. Naiweka kalamu chini, nashika tarumbeta.