Waya wa Pili

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimechefukwa! Siku nzima juu ya mnara wa Kitanga, upepo unanichapa kama mtoro wa shule, na intaneti ya gesti ya bosi Nurudini bado inakatika-katika. Mimi! Niliyefunga madishi Bujumbura, Uvira, Kigali, mpaka Mfaransa mmoja wa shirika akaniita injinia mbele ya watu. Shule niliacha kidato cha pili, sawa. Lakini mnara gani Kigoma hii haunijui?

Sababu nimeiona. Tamimu wa Ujiji, fundi mwenzangu, yule wa kofia ya kiua. Kafunga dishi lake mita moja na nusu juu ya langu. Linatazama Kasulu kama langu, masafa yale yale. Ni kama mtu kukuhamia kitandani bila hodi, halafu akakoroma. Anampelekea nani hiyo intaneti sijui, wala sijali.

Jumanne, 9 Septemba

Nimehama chaneli. Saa moja ya raha — halafu uchafu ule ule! Kumbe redio yake, kile kifaa cha dishi kinachorusha mawimbi, imeachwa ijitafutie chaneli yenyewe, na yangu vilevile. Zinakimbiana, zinakutana. Chaneli nyingine zimejaa mashirika.

Nikapandisha nguvu mpaka mwisho. Naye akapandisha. Sasa ni baa mbili zinazotazamana, kila moja na spika zake, na hakuna mlevi anayesikia wimbo.

Nikampigia. Kasema mnara si wa mama yangu. Nikamwambia ungekuwa wa mama yake ungeshaanguka. Tukakatiana simu. Ptuu!

Alhamisi, 11 Septemba

Tumekutana chini ya mnara. Mimi na spana, yeye na spana. Wanawake waliokuwa wanaanika mihogo wakaacha kazi waone ngumi. Wamekosa.

Maana hasira zilinifungua akili. Madishi ya siku hizi yana nyaya mbili. Mmoja unarusha wimbi lililosimama, mwingine wimbi lililolala, na hayo mawili hayagombani hata yakipita chaneli moja. Ndiyo maana spidi ni mara mbili. Zamani dishi lilikuwa na wimbi moja tu. Ukikuta jirani kasimamisha lake, wewe unalaza lako, mnaishi. Siku hizi kila mtu anataka yote mawili. Ulafi wa kutia kinyaa!

Nikamwambia: tugawane. Kila mmoja afungue waya mmoja, ashushe na nguvu. Mimi nisimame, wewe ulale.

"We Muha, kwa nini mimi ndiye nilale?"

"Umekuja mwisho. Halafu una kitambi, kulala unakujua."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Tukapeana mkono. Kuzima upande mmoja kwenye laptop kungetosha, na nilianza huko ili redio isiungue. Ila kwenye laptop mtu anadanganya. Waya unaoning'inia unaonekana na kila mtu. Kwa hiyo tulipanda, tukafungua, tukafunga ncha kwa nailoni zisiingie maji. Wangu mmoja, wake mmoja. Bega kwa bega kule juu, tukinukiana majasho.

Jumapili, 14 Septemba

Siku tatu hakuna kukatika! Spidi nusu, lakini safi. Kanisani nimeingia natembea kama askofu.

Mchana nikaenda Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, kwa Félicité. Mama wa Kikongo, anakaanga mandazi sokoni kambini, na mimi nikipita ananilisha kama kaka yake wa tumbo moja. Leo ana habari. Binti yake Nadège ameitwa usaili wa kwenda kusomea unesi nje. Kwa video, kwenye kituo cha vijana. Jumamosi tarehe 20, saa nne kamili. Mara moja tu, hawarudii. Mwakani atakuwa amepita umri wanaoutaka.

"Kaka, minaomba connexion isikufe ile siku. Mutoto hana njia ingine."

Nikamwambia mama, mimi nikiwa hai wilaya hii, haifi. Nikala mandazi sita. Wala sikuuliza laini ya kituo ni ya nani. Injinia!

Jumatano, 17 Septemba

Bosi kapiga kutoka Kibondo. Gesti imejaa maofisa wa semina, wanalalamika video zinajikokota. Nikamweleza makubaliano. Kasema yeye hakununua nusu dishi. Nirudishe waya leo, la sivyo nirudishe pikipiki yake na niache kazi.

Nimerudisha. Saa kumi alasiri. Nguvu juu. Tamimu yuko Ujiji harusini, hataona.

Nimeshuka na ladha mbaya mdomoni. Sitaki kuandika.

Ijumaa, 19 Septemba

Kinyaa! Na leo si cha mtu mwingine.

Félicité kapiga analia. Kituoni wamejaribu video. Sura inaganda, sauti inakuja vipande-vipande. Nikamuuliza, kwa sauti ya bwana mkubwa, fundi wenu nani nimtie adabu?

"Ule wa kofia. Tamimu."

Nilikuwa sokoni Kasulu. Nikakaa juu ya gunia la maharage la mtu. Mwenye gunia akanitazama usoni, akaniacha.

Tamimu kapokea simu ya saba. Nikakiri kila kitu. Akaongea kwa upole, na upole huo ndio umeniua. Mteja wake alishalalamika jana, naye Tamimu akajua ni mimi, akawasha upande wake wa pili kutoka huko huko Ujiji. Naye waya wake hakuwa ameufungua vizuri — alifunga nailoni juu tu, kunizuga!

"Basi sote wezi, fundi. Hongera."

Nikamwambia kuhusu Nadège. Kasema hadithi za kumlainisha anazijua. Nizime kwanza mimi, akirudi Jumapili ataona. Jumapili! Akazima simu.

Na bosi kaniandikia: kesho saa nne mkuu wa semina ana kikao cha video na Dar. Saa ile ile!

Jumamosi, 20 Septemba

Saa tatu na nusu. Nimeshuka mnarani. Waya wa pili nimeufungua, unaning'inia. Félicité anasema afadhali kidogo, lakini sura bado inaganda. Si ajabu. Wimbi langu lililosimama bado linagongana na lake lililosimama. Tamimu hapatikani. Kugawana hakuna tena mtu wa kugawana naye.

Saa tatu na dakika hamsini na tano. Nimezima. Yote. Kwenye sanduku la betri za dishi langu, swichi kubwa. Upande wangu kimya.

Saa nne na dakika tatu. Meseji: "Kaka! Inatembea muzuri! Anaongea!"

Nne na tano. Bosi. Sijapokea. Nne na sita, bosi. Nne na saba, meneja wa gesti, yule Anatoli anayejua swichi iko wapi. Nimepokea kwa bahati mbaya. Anauliza nimekufa? Nikasema bado. Akasema anakuja kuwasha mwenyewe, na walinzi wawili.

Usaili ni dakika arobaini. Zimekwenda kumi na moja.

Vumbi barabarani. Ni kile kigari cheupe cha gesti. Kimepita kanisa, kinaanza kupanda kilima.

Nimefunga mfuniko wa sanduku, nimeukalia. Nina kilo tisini na mbili, na asubuhi nimekunywa uji bakuli tatu. Waje. Watatu hawanitoshi, labda wakaite na wale wa mihogo. Nimewaandalia na utani, nianze na kiatu cha Anatoli kile kilichochongoka. Dakika kumi na nne. Milango inafungwa. Anatoli mbele, ana nyundo —